Farasi wengi, mlima mmoja: dizeli na petroli kwenye kazi ya kuvuta

Anayetafuta gari la kuvuta mzigo karibu kila mara huanza na swali lile lile: injini ina nguvu za farasi ngapi? Muuzaji naye hujibu haraka, maana namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Gari likishafungwa tela na kuingia kwenye mwinuko mrefu, mambo hubadilika. Lenye farasi wengi linanguruma, linahangaika na gia, mwendo unashuka. Lori la dizeli lenye farasi wachache linalipita taratibu, sauti yake ni ile ile iliyokuwa kwenye tambarare. Kuanzia hapo watu wanasema dizeli ina nguvu kuliko petroli, na mjadala unafungwa.

Mimi siufungi hapo. Nimeendesha injini za aina zote mbili zikiwa na mzigo, nimezisoma kwa miaka, na bado nazipenda zote. Ninachoamini ni kwamba sifa ya dizeli ya kuvuta imetokana kwa sehemu kubwa na namna inavyokubali kulishwa hewa nyingi, na kutoa kazi yake ikiwa inazunguka polepole. Ukiiondolea turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, hadithi inageuka kabisa, na nitaonyesha kwa injini ambazo mafundi wengi wanazijua kwa majina.

Kwanza torki. Ukikaza nati kwa spana, ile nguvu ya kupinda unayoipeleka kwenye nati ndiyo torki. Spana ikiwa ndefu, torki inakuwa kubwa ingawa mkono ni ule ule. Ndani ya injini moto unaisukuma pistoni, pistoni inausukuma mkono wa krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, na krenki inazunguka kwa torki inayopimwa kwa nyutonimita, kwa kifupi Nm. Nguvu za farasi, au kilowati, ni torki hiyo hiyo ikishazidishwa na kasi ya mzunguko. Chukua Nm, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Hesabu hii moja inamaliza ubishi mwingi wa gereji.

Ndiyo maana pikipiki ya mbio ya cc 1000 inaweza kuwa na farasi 200 huku torki yake ikiwa Nm 113 hivi. Farasi hao inawapata kwa kuzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Trekta la farasi 100, nusu ya hao, linaweza kuwa na Nm 400, na linazitoa likiwa linazunguka polepole kiasi kwamba sikio linakaribia kuhesabu mapigo.

Sasa tuje kwenye injini tatu za Toyota zilizobeba Land Cruiser sehemu nyingi za dunia. Ya kwanza ni 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwenye mstari, haina turbo. Torki yake ni Nm 285, kwenye mizunguko kama 2200. Ya pili ni 1FZ-FE: petroli ya lita 4.5, silinda sita vilevile, nayo haina turbo. Katika Land Cruiser ya toleo la 80 iliyouzwa Marekani ilitoa Nm 373 kwenye mizunguko 3200. Petroli imeizidi dizeli kwa karibu Nm 90, na hapa hatuzungumzii farasi, tunazungumzia torki yenyewe, ile ambayo kila mtu anaamini ni mali ya dizeli. Lita 0.3 za ziada hazitoshi kueleza pengo hilo. Ya tatu ni 1HD-FTE: dizeli, lita 4.2 kama ile ya kwanza, ila imefungwa turbo na ina valvu nne kwa kila silinda. Torki inafika Nm 430.

Kati ya 285 na 430 mafuta hayakubadilika, wala ukubwa wa injini. Kilichoongezeka hasa ni hewa.

Hata hivyo 1HZ ina heshima kubwa kwa watu wa kazi nzito, na heshima hiyo ni ya haki. Weka gia ya kwanza, achia klachi polepole bila kugusa mafuta, na gari linatambaa juu ya mawe likiwa na mzigo mgongoni. Kinachofanya hivyo ni gavana iliyo ndani ya pampu: mzigo ukitaka kuushusha mzunguko, gavana inaongeza dizeli yenyewe, injini inakataa kuzimika. Torki yake si kubwa, lakini iko pale pale chini, mguu haulazimiki kuitafuta. Dereva anachokiita nguvu mara nyingi ni utulivu huo.

Kwa nini basi turbo na dizeli vikaelewana hivi? Jibu liko kwenye namna moto unavyoanza. Injini ya petroli, ambayo asili yake ni kazi ya Nikolaus Otto mwaka 1876, inaingiza hewa ikiwa imeshachanganyika na mafuta, au inachanganyika nayo kabla ya moto, inaigandamiza, kisha plagi inatoa cheche. Tatizo ni kwamba mchanganyiko huo ukigandamizwa kupita kiasi unajilipua wenyewe kabla ya wakati. Mafundi husema injini inagonga, na injini inayogonga chini ya mzigo inaweza kutoboa pistoni. Kwa hiyo mgandamizo wa petroli umezoea kukaa kati ya 9 na 12 kwa 1, yaani kilichoingia kinabanwa hadi moja ya tisa au moja ya kumi na mbili ya nafasi yake. Ukiisukumia hewa zaidi kwa turbo, kompyuta ya gari inalazimika kuchelewesha cheche, na nyakati nyingine kumwaga petroli ya ziada ili kupooza chumba cha moto na ekzosi.

Dizeli inagandamiza hewa tupu, kwa kawaida 16 hadi 18 kwa 1. Hewa hiyo inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, ndipo nozeli inapopiga dizeli ndani, kwenye injini za kisasa kwa shinikizo linaloweza kuvuka bar 2000, na mafuta yanawaka yanapoingia. Hakuna mafuta yaliyokuwa yakingojea humo ndani, kwa hiyo hakuna cha kulipuka mapema. Hewa ikiongezwa, dizeli inashukuru. Mpaka wake ni uimara wa chuma, na ndiyo maana bloku yake ni nene, pistoni nzito, krenki kubwa. Uzito huo, pamoja na moto unaochukua muda wake kuwaka, vinaizuia isizunguke kwa kasi. Kwenye gari la mbio hiyo ni kasoro. Kwenye lori inaingia mahali pake sawasawa, kwa sababu lori halihitaji mizunguko 7000 kwa lolote.

Rudolf Diesel mwenyewe hakuwa akitafuta torki. Injini yake iliyofaulu majaribio kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 ilipata umaarufu kwa kugeuza karibu asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati ule zilikuwa mbali nacho. Alitaka kuokoa mafuta. Wazo la kutumia moshi unaotoka kuzungusha feni ya kusukuma hewa inayoingia lilisajiliwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Ilichukua miongo mingi kabla mawazo hayo mawili hayajawa kitu cha kawaida chini ya boneti ya lori, na yalipokutana ndipo sifa tunayoizungumzia ilipokomaa.

Petroli nayo imejifunza. Kunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kunapooza hewa na kupunguza hatari ya kugonga, kwa hiyo turbo kwenye petroli leo si jambo la ajabu. Chukua pikapu ya Ford F-150 ya mwaka 2021: petroli ya lita 3.5 yenye turbo mbili ilitoa Nm 678 kwenye mizunguko 3100, na dizeli ya lita 3.0 kwenye gari hilo hilo ilitoa Nm 597 kwenye 1750. Mwaka huo huo Ford iliacha kuifunga dizeli hiyo kwenye F-150. Kwa gari la ukubwa huo, linalovuta mara moja moja, sioni walikosea wapi.

Lakini panda daraja moja. Familia ya F-250 ya mwaka 2020 ilikuwa na petroli ya V8 (silinda nane), lita 7.3, bila turbo: farasi 430 kwenye mizunguko 5500, Nm 644 kwenye 4000. Dizeli yake ya lita 6.7 yenye turbo ilikuwa na farasi 475 na Nm 1424, torki hiyo ikipatikana kwenye 1600 tu. Kwa farasi, pengo ni kama moja ya kumi, hakuna wa kulipigia kelele. Fanya sasa ile hesabu ya kugawanya kwa 9549 kwenye mizunguko 1600, mahali ambapo dereva aliyetulia anapenda kukaa. Dizeli inatoa kilowati 239. Petroli, hata tukiipa zawadi ya torki yake yote ambayo kwa kweli haiifikii hadi 4000, ingetoa 108.

Nieleze inavyoonekana ukiwa kwenye usukani. Una tela zito nyuma, barabara inaanza kupanda. Kwenye dizeli mshale wa mizunguko unashuka kidogo kidogo, 1900, 1700, 1600, na kadiri unavyoshuka injini inazidi kukaza badala ya kulegea. Unasikia mluzi wa turbo ukipanda, mlio wa injini ukiwa mzito zaidi, na gari linashikilia gia ile ile. Mguu unakaa pale pale. Kwenye petroli mwinuko huo huo unaushusha mshale na injini inalegea nao, gia inarudi chini moja, bado, inarudi nyingine, mshale unaruka hadi 4500, chumba kizima kinajaa mngurumo. Gari linapanda. Linapanda vizuri tu. Ila dereva anakaza mikono kwenye usukani kana kwamba anasaidia kusukuma, na akitoka kwenye mlima wa nne wa namna hiyo amechoka.

Hapo ndipo namtetea mtu wa petroli, kwa sababu mara nyingi anaonewa. Matairi hayajui torki ilitoka wapi. Kilowati 200 zikifika kwenye matairi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, zinasukuma kwa nguvu ile ile, ziwe zimetoka kwenye injini inayozunguka 1700 au 5000. Gia zinageuza kasi kuwa torki, kazi yao ni hiyo. Gari la petroli lenye gia kumi zilizopangwa vizuri na difu (gia za kwenye ekseli) iliyopangwa kwa kuvuta badala ya mwendo kasi linaweza kupanda mlima sambamba na dizeli yenye farasi sawa. Anayesema petroli haiwezi kuvuta amesahau kwamba kwa miongo mingi malori mengi sana duniani yalikuwa ya petroli, na mizigo ilifika.

Kwenye malori makubwa kweli, hata hivyo, mjadala huu ulikwisha zamani. Scania V8 ya lita 16.4 iliyotangazwa mwaka 2020 ina farasi 770 na torki ya Nm 3700, inayokaa tambarare kuanzia mizunguko 1000 hadi 1450. Kwenye 1000 tu tayari inatoa zaidi ya kilowati 380. Kuipata kazi hiyo kutoka kwenye petroli, saa kumi kwa siku, mwaka baada ya mwaka, kungehitaji injini inayopiga kelele maisha yake yote na tangi la mafuta la kutisha.

Tangi ndilo lenye hoja nzito kuliko torki, kwa maoni yangu. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa kama asilimia 10 au zaidi kidogo, kwa sababu dizeli ni nzito. Lakini tofauti kubwa inatokana na injini. Ikiwa chini ya mzigo, dizeli nzuri ya kazi hutumia takriban gramu 205 za mafuta kwa kila kilowati kwa saa moja. Petroli katika hali nzuri iko karibu na gramu 260 au 270, na ikikanyagwa hadi mwisho, ikianza kumwaga mafuta ya kupooza, inavuka 300. Tuseme unahitaji kilowati 100 kwa saa nzima. Dizeli itakunywa kama lita 24 au 25. Petroli itakunywa kama lita 36, na 40 ikibanwa. Gari likiwa tupu tofauti hiyo haionekani sana. Weka tela na ndipo utaiona. Petroli huadhibiwa zaidi pale pale unapoihitaji zaidi.

Kuna joto pia. Moshi wa petroli chini ya mzigo mzito hutoka ukiwa na nyuzi 850 hadi 950, wa dizeli kwa kawaida uko chini sana ya hapo. Joto hilo lote linalala kwenye valvu, kwenye ekzosi, kwenye turbo kama ipo, na gari likichemsha mlimani mara nyingi ni kwa sababu rejeta ilipangiwa kazi ndogo kuliko mzigo uliofungwa. Injini za malori makubwa zimejengwa kwa laina, yaani kuta za silinda, zinazotolewa na kuwekwa mpya, na kilomita milioni moja kabla ya kufunguliwa si jambo la kushangaza kwa injini iliyotunzwa. Na anayefanya kazi kwenye nyanda za juu aangalie turbo kabla ya kuangalia aina ya mafuta: injini isiyo na turbo, ya dizeli au ya petroli, hupoteza takriban moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Watu wote huzungumzia kupanda. Kinachoua ni kushuka, na hili linanigusa kuliko namba zote za juu. Ukiachia mafuta kwenye petroli, mlango wa hewa unafungwa, pistoni zinavuta kwenye ombwe, na gari linajishika lenyewe. Dizeli ya kawaida haina mlango huo wa kubana hewa. Pistoni inagandamiza hewa kwa nguvu, sawa, lakini hewa hiyo ikishapita kilele inaisukuma pistoni kurudi chini na kurudisha karibu yote iliyopokea. Kwa hiyo injini yenye sifa kubwa kuliko zote mlimani haina msaada mkubwa mteremkoni, ikiachwa ilivyo.

Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini inayobeba jina lake, alilijua hilo kwa namna mbaya. Mwaka 1931 alikuwa kwenye lori la dizeli akivuka Marekani kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuonyesha kwamba injini yake inafaa kwa safari ndefu. Wakiteremka Cajon Pass huko California breki ziliishiwa nguvu, na chini ya mteremko kulikuwa na treni ya mizigo ikikatiza barabara. Behewa la mwisho lilipita wakiwa karibu kabisa kulifikia. Miaka mingi baadaye akabuni kifaa kinachofungua valvu za kutolea moshi pistoni inapokaribia kilele, ili ile hewa iliyogandamizwa iachiliwe kabla haijairudishia pistoni nguvu. Injini inageuka pampu ya hewa inayokula kasi ya lori. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza mwaka 1961, na ule mlio wa kupasua hewa unaousikia lori kubwa likiteremka ndio huo. Ukinunua dizeli ya kuvutia mzigo, uliza breki ya injini au ya ekzosi kabla hujauliza torki. Kama haipo, au ipo na haifanyi kazi, hiyo ni sababu ya kutosha kuliacha gari.

Na dizeli ya kisasa ina madai yake. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo linahitaji safari ndefu yenye joto ili lijisafishe. Mwenye kuendesha dakika kumi, kuzima, dakika kumi, kuzima, ataliziba. Nyingi zina mfumo wa urea, kimiminika cha kusafisha moshi. Nozeli zinazofanya kazi kwa bar 2000 hazivumilii maji wala vumbi kwenye mafuta hata kidogo, na seti ya nozeli ni gharama ya kukunja uso. Injini yenyewe ni ghali na nzito tangu kiwandani. Petroli inawaka haraka kwenye baridi, ni nyepesi, fundi wa kawaida anaimudu, na ikiharibika haikuvunji mgongo.

Kwa hiyo mtu anayevuta boti au tela dogo mara chache kwa mwezi, na siku nyingine zote gari liko tupu, ningempa petroli bila kusita, ikiwezekana yenye turbo, na ningemwambia asiogope mngurumo wa mizunguko 4500, injini imejengewa huo. Anayefunga mzigo asubuhi na kuufungua usiku achukue dizeli. Mafuta peke yake yatamlipa. Walio katikati ndio wenye kazi ya kufikiri, na kwao mimi huuliza jambo moja linalodharauliwa: nani atafungua ile koki iliyo chini ya filta ya dizeli na kumwaga maji yaliyojikusanya, na ataifanya lini? Kama jina la mtu huyo halipatikani, achukue petroli.